Foleni ya Kandambili

Tangu nimzike mke wangu, sokoni naenda mwenyewe. Juzi, Nachingwea mjini, nilikuta kandambili zimepangwa foleni mbele ya duka la simu, wenyewe wamekaa kivulini. Kwetu hivyo ndivyo tunavyosubiri salfa, dawa ya mikorosho. Siku hiyo walisubiri mashine mpya ya gemu, iliyoadimika hata Dar es Salaam. Zilifika mbili tu.

Ya kwanza ikanunuliwa. Zamu ya pili ilikuwa ya mama mmoja wa kijiji cha Chiola.

“Nipe salfa mifuko miwili,” alimwambia muuzaji.

“Mama, hapa tunauza mashine ya gemu.”

Mama akaitazama. “Hii unaipulizia vipi mikorosho?”

Watu wakacheka, isipokuwa mwenye kibanda cha gemu aliyekuwa nyuma yake.

“Mama, niachie zamu yako. Wateja wangu wote wamehamia Ruangwa, kwenye mashine mpya. Nikiikosa leo, nafunga kibanda.”

“Na mikorosho yangu je?”

“Nyumbani nina salfa mifuko miwili. Twende ukaichukue.”

Mama akampisha.

Duka lile halijawahi kuuza salfa. Lakini Mwenyezi Mungu akitaka kumfikishia mja riziki yake, hasomi kibao cha duka.