Siku Niliyomwambia Mwalimu Ditram Amechoka

Nimeamua kuisema mwenyewe, maana Songea ni mji mdogo na nasikia wengine wanaisimulia kwa kuongeza chumvi, wakati vile ilivyokuwa inatosha kabisa kuniaibisha.

Mimi nina steshenari pale Majengo, natoa kopi, nachapa barua, nabana vitabu, na kila Jumamosi mchana ni katibu wa kikundi chetu cha wasomaji, watu wanane tu (tulikuwa kumi, wawili walishindwa na wachawi wa Mwalimu Ditram wakaacha). Mwalimu Ditram ni mstaafu, anakaa Maposeni, na baada ya kufiwa na mke wake alianza kuandika hadithi ya vitabu vitatu kuhusu nchi ambayo wachawi wameiba vivuli vya watu, na binti mmoja, Tindi, anayeshuka shimoni kwenda kuvirudisha. Ni hadithi ya giza kwelikweli, watu wanakufa humo kama kuku wa mdondo. Vitabu viwili vya mwanzo tulivimaliza mbio, cha tatu akatuletea nakala moja ya majaribio, akasema tumpe maoni baada ya wiki tatu, ndipo aamue kama mchapaji aendelee nacho au akiache.

Nakala moja, watu wanane. Mimi mwenye mashine ya kukatia karatasi nikasema hiyo kazi ndogo, nikakikata kitabu vipande vinne, kila kipande nikakivika jalada la manila na namba ya maka peni, watu wapokezane. Kipande cha nne kikawa kinene, stepla ikagoma, basi nikachomoa karatasi za mwishoni nizibane peke yake. Hapo akaingia mzazi na fomu za shule anataka kopi, nikamhudumia, tukapiga soga, na zile karatasi nikazisahau chini ya trei ya mashine.

Sasa ona balaa lilivyojipanga: nilipokatia palikuwa mwisho wa sura. Ardhi inajifunga juu ya Tindi, mdogo wake anaita, hakuna anayeitika, basi. Watu walichukia. Mama Yustina, ambaye ni muuguzi, aliniambia alishindwa kupika siku hiyo, watoto wakala mkate. Athumani, mtu wa Tunduru, mnunuzi wa korosho, alinitumia ujumbe wa sauti akisema wallahi afadhali hadithi ingeishia kitabu cha pili. Mmoja akauliza mbona hakuna neno MWISHO, nikamwelimisha kwamba waandishi wa siku hizi hawaliweki (nani aliniambia hivyo, sijui mpaka leo).

Jumamosi ya maoni Mwalimu alikuja na koti lake la kanisani, tukampa shikamoo zake, akakaa na daftari mapajani, kalamu tayari. Nikasimama kama katibu nikamsomea ya wenzangu, moja baada ya lingine, yote machungu, naye anaandika tu. Ningeishia hapo ingekuwa nafuu, lakini nilikuwa nimenogewa na sauti yangu, nikaongeza la kwangu.

"Mwalimu, samahani, lakini inaonekana umechoka. Mtu akichoka aweke kalamu chini."

Akaiweka kweli. Akavua miwani, akasema hata yeye alikuwa na wasiwasi huo, kwa hiyo Jumatatu atampigia mchapaji amwambie asimamishe kazi. Kisha akasema kwa upole, kama anayejisemea, kwamba alidhani angalau yule mdogo mtu kushusha kamba kungetugusa kidogo.

"Kamba gani, mzee?" Athumani akauliza.

Chumba kizima kikanigeukia mimi, maana mkataji ni mmoja. Nyie, nilihisi joto kuanzia visigino. Mwalimu akatoa nakala yake kwenye mfuko, akafungua mwishoni, tukalinganisha namba za kurasa, na yangu ilikuwa pungufu karatasi kumi na tatu. Nilikimbia dukani na kandambili, nikanyanyua trei, zikawa zimelala pale na vumbi lake.

Niliporudi nilimkuta anawasomea mwenyewe, taratibu, na hakuna aliyenitazama. Tindi anatoka shimoni akiwa mzee, mdogo wake hamjui, ila anamshika mkono hivyohivyo kwa sababu ana kivuli. Mama Yustina alilia waziwazi. Athumani akasema kitabu kichapwe, na kama kuna wa kusimamishwa ni katibu. Walicheka wote, na mimi nikacheka kwa adabu.

Watu walipotoka nikapiga magoti kumwomba radhi. Aliniinua, wala hakukasirika.

"Binti yangu, ya wenzako nimeshayafuta yote. Lako la kuchoka sijui nilifuteje, maana hilo hukulisoma kwenye kurasa. Ulinitazama mimi ndipo ukalisema."

Kitabu kimechapwa, kinasomwa mpaka Peramiho, na mimi nimeshakisoma mara mbili kizima. Nimekwenda Maposeni kumwambia kwamba hajachoka hata kidogo. Ananikaribisha vizuri, ananipa chai, anasema haya mama, asante, kisha ananiuliza habari za mahindi. Sijamwona na kalamu tena. Kwa hiyo sasa kabla sijafungua mdomo juu ya kazi ya mtu nahesabu kurasa zote, na hata zikitimia, juu ya mwenye kazi sisemi neno.