Mwenye Sauti Ndiye Mwenye Mkasi

Fundi wetu anashona magauni mwaka wa ishirini sasa, katika chumba chenye mlango barabarani na pazia la maua kwa nyuma. Ukimpelekea kitambaa anakupima kwa macho kwanza. Futi inakuja kuthibitisha tu. Lakini kuna mwaka alilala nyuma ya pazia lile miezi saba. Hakuwa na homa wala kidonda. Alishindwa tu kuinuka. Kutunga uzi kwenye sindano kukawa mlima. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyeuita ugonjwa kwa jina lake, sonona, akampa dawa na kikundi cha wenzake wa kuzungumza nao.

Miezi yote hiyo mlangoni alisimama mdogo wake, mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Redio, na sababu mnaijua. Kila mteja alipewa jibu moja: "Dada kasafiri." Wala hakuwa na ubaya. Aliogopa watu wasije wakasema dada yake ni kichaa, wateja wakahama.

Basi, Fundi alipopona, kikundi kikapata kamera, wakaambiwa watengeneze filamu ya maisha yao wenyewe. Jamani, Fundi alivyofurahi! Aliibeba kamera ile kama mtoto mchanga. Sheria ya kikundi ilikuwa moja: mwenye sura au sauti anaangalia kwanza, na asichokitaka kinakatwa bila kuulizwa kwa nini. Jumamosi filamu ingeonyeshwa ukumbi wa shule.

Alhamisi Redio akaja juu. "Wewe dada, ukisema ulikuwa humu humu ndani, mimi nitaitwaje? Si mwongo mtaa mzima! Maneno yangu yote uliyorekodi kata."

"Nikiyakata filamu inabaki haina miguu, mdogo wangu. Nani ataelewa tulikuwa tunaogopa nini?"

"Itembee kwa magongo. Kata!"

Sheria ni sheria. Fundi akakaa pale dukani kwenye kompyuta aliyoazimwa na kikundi, moyo mzito, akaanza kupitia alichorekodi juzi. Akakuta kipande cheusi tii, hakina picha hata moja. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe alipomaliza kurekodi alifanya anachoifanyia cherehani yake kila akitoka: aliifunika kamera kwa kitambaa isiingie vumbi. Kuizima akasahau.

Alipoongeza sauti, kicheko kikamkatika. Akaita, "Redio, njoo usikie. Sauti ni yako, haki ni yako."

Kutoka gizani walisikika Redio na mteja wao, mwalimu wa chekechea.

"Hivi ile safari ndefu ya dada yako ilikuwa ya wapi?"

"Kwa shangazi! Alikula huko, akanenepa, vifungo vikakataa kufunga!"

Kisha mwalimu, kwa sauti ya chini: "Mwenzangu, niambie kweli. Mume wangu hatoki chumbani, mwezi wa tatu huu. Haogi, haongei. Kama dada yako alipita huko, niambie alitokaje."

"Alikuwa kwa shangazi, mwalimu. Gauni lako njoo kesho."

Redio, mtu asiyenyamaza hata akiumwa koo, alikaa kitako sakafuni.

"Rudisha." Akasikiliza tena. "Rudisha." Akasikiliza mara ya tatu. "Dada, mtu kaniomba maji, nikampa kikombe kitupu."

"Uliogopa, mdogo wangu. Nikate?"

"Sauti ya mwalimu kata, hiyo ni siri ya nyumba yake. Yangu acha. Uongo wote acha, mpaka wa vifungo! Halafu washa hicho kidude chako, niseme mwenyewe."

Akasema alivyokuwa akimwosha dada yake miguu nyuma ya pazia, huku akipaza sauti mlangoni kwamba yuko mbali. Akasema alivyomsindikiza zahanati kwa njia ya uani. Fundi akarekodi yote, akitabasamu nyuma ya kamera.

"Haya, Jumamosi watu watasikia," akasema.

"Jumamosi? Na mwalimu naye asubiri Jumamosi?" Redio alishavaa viatu. "Twende!"

Wakatoka mbio mbio, duka wakaliacha wazi, mchana kweupe, wanawake wazima wakishikana mikono kama wanafunzi. Wakapiga hodi. Mwalimu akachungulia kwenye upenyo mdogo, mkono ungali kwenye komeo.

"Mwalimu," Redio akasema akihema, "dada hakusafiri. Huyu hapa nimemleta. Muulize alitokaje."

Mwalimu akamtazama Fundi, kisha akaufungua mlango wote.