Mdomo Mfupi

Karakana nzima tulimwita Penseli, kwa sababu penseli haikutoka sikioni mwake hata siku aliyopigwa. Najua, maana nilikuwepo. Alipigwa mara mbili siku hiyo, na kipigo cha kwanza sikukizuia kwa kuwa niliona anakistahili. Lakini mashine aliyoichora yeye, niliichomelea mimi. Kwa hiyo baadhi ya ngumi zile zilikuwa zangu, nikamwachia azile peke yake.

Ilikuwa mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Kabla ya kuichora, Penseli alikwenda na daftari kwa mwenye zizi, wakakaa sebuleni, akamuuliza anataka nini. Iwe na kasi, akasema bwana yule, isile mafuta, na ipite mlangoni. Penseli akaandika yote. Ili ipite mlangoni, akaufupisha mdomo, pale majani yanapotiwa. Mtiaji majani alikuwa dada mdogo wa Penseli, tumbo moja, kibarua wa zizi hilo. Siku hiyo alikuwa uani akikata majani kwa panga, na panga lilisikika mpaka sebuleni. Penseli alimsalimia, akamtania kuhusu ndala zake zilizokwisha visigino, akaondoka. Kuhusu mashine hakumuuliza hata neno moja. Mpaka leo nikikumbuka natamani kumzaba kibao.

Mashine ilifanya kazi wiki tatu. Wiki ya nne majani mabichi yalikwama, dada akayasukuma kwa mkono kama alivyosukuma kila siku, visu vikavuta majani na mkono pamoja. Walipoizima injini, vilikuwa vimeshafika kwenye kiwiko. Vidole vyake viliokotwa upande wa pili, ndani ya lundo la majani.

Siku ya tatu mumewe akaingia karakana. Pande la mtu, mikono mirefu kama ya kuazima.

"Hivi shemeji," alisema taratibu, "mke wangu naye ni majani?"

Ngumi ya kwanza ilimng'oa Penseli jino, ya pili ikampeleka kwenye meza ya vyuma, kisha mateke yakafuata, na tulisikia mbavu. Shemeji alipochoka alilia kwa sauti, akaondoka.

Ndipo tajiri wetu alipotoka ofisini. Ukutani ilisimama midomo sita ya bati, ya mashine sita zilizoagizwa, yote kwa kipimo kile kile kifupi.

"Uzembe wa yule mama," tajiri alisema. "Andikeni 'Hatari' kwa rangi nyekundu, mmalizie kazi."

Penseli aliinuka akitema damu, akachukua nyundo kubwa. Akaupiga mdomo wa kwanza mpaka bati likapasuka. Akaupiga wa pili. Tajiri alimtandika bomba la chuma mgongoni. Akaupiga wa tatu. Bomba likamvunja bega. Akaupiga wa nne kwa mkono mmoja, akaanguka. Tajiri alipolinyanyua bomba tena, sasa juu ya kichwa cha mtu aliyelala, nilimpiga kifundo cha mkono kwa nyundo yangu ya kazi. Mfupa ulilia. Simwombi radhi. Midomo miwili iliyobaki nikaimaliza mwenyewe, na kazi ikaota mbawa kwa wote wawili.

Baada ya siku nne tukaenda kwa dada, mimi nikiwa nimebeba maboksi, gundi na kisu. Alipomwona kaka yake alimrushia kikombe kwa mkono wa kushoto, kikampasua paji la uso.

"Toka!"

Penseli alipiga magoti, damu ikimwingia jichoni. "Nilianza vibaya, mdogo wangu. Ilikuwa nianze na wewe. Wenye mazizi sita wanasubiri. Nisipowapelekea mchoro mwingine wiki hii, tajiri atatafuta mchomeleaji mwingine, awape mdomo ule ule mfupi."

Dada aliutazama mkono wa shati uliofungwa fundo.

"Majani mabichi hukwama," alisema mwishowe. "Usiposukuma, bosi anafoka. Kila mtu anasukuma, kaka. Ungeniuliza tu."

Tukatengeneza mdomo wa boksi palepale sakafuni, Penseli akachora mstari mwekundu mwishoni, mahali pa visu. Dada akaingiza mkono aliobakiwa nao hadi kwapani. Vidole vikavuka mstari. Penseli akaongeza boksi; vikavuka tena. Mara ya tatu vilikomea kabla ya mstari, na Penseli akatabasamu na pengo lake, akafungua daftari.

"Usiandike," dada alisema. "Mimi mfupi." Akamwita mumewe.

Shemeji alikuja kutoka uani, akasimama mlangoni bila kumtazama Penseli. Nilishika kisu cha kukatia boksi, maana humjui mtu. Mkewe alimwonyesha shimo kwa kidevu. Akachuchumaa, akaingiza mkono ule ule uliong'oa jino, akasukuma mpaka bega likagota kwenye boksi. Upande wa pili vidole vinne vikatokeza, vikavuka mstari mwekundu, vikachezacheza hewani.

Penseli akalifunga daftari.

"Huyo umeshamkata," dada alisema. "Anza tena."