Isale Moja, Makosa Mawili

Mwalimu wetu wa hesabu darasa la tano ndiye aliyekuwa pia mwalimu wa michezo, na mimi niliona huo ni uonevu. Mtu mmoja hawezi kushika chaki na mpira halafu wengine tukabaki salama. Jumatano alitupa hesabu kumi za sehemu tukafanye nyumbani, akasema, "Asiyeleta kesho, Ijumaa hachezi."

Aliyasema hayo akitazama dirishani, lakini darasa zima liligeuka kunitazama mimi. Mimi ndiye niliyekuwa mfungaji wa netiboli, na Ijumaa tulikuwa tunacheza na shule ya chini ya barabara. Mwaka uliotangulia walitufunga, wakapita wakiimba mpaka mbele ya nyumba yetu. Nilikuwa nimeisubiri hiyo Ijumaa kama sikukuu.

Hesabu sikufanya. Sababu nzuri sina. Nilikata majani ya ng'ombe, nikala ndizi, nikalalia daftari, kukakucha.

Alhamisi mwalimu alipofika kwenye dawati langu nikamwambia, "Nimelisahau nyumbani, mwalimu."

"Kwenu wapi?"

"Hapo tu, nyuma ya mfereji."

Hapo nikawa nimejimaliza mwenyewe. Ningesema Sanya Juu, mbali kule, yangeisha.

"Basi kalilete. Nakupa mpaka kengele ya mapumziko."

Nikashuka mbio kwenda kufuata daftari ambalo lilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa darasani. Njia nzima nawaza. Nikafika kwenye kihamba chetu, shamba la nyumbani, migomba imetulia, hakuna mtu, na mbele yangu kuna mstari wa masale.

Kwetu isale ni mmea wenye majani marefu ya kijani, na una kazi mbili. Unapandwa mpakani ili kila mtu ajue shamba lake linaishia wapi. Na ukimkosea mtu, unampelekea jani lake kuomba radhi. Aliyepelekewa isale hana ujanja, anasamehe. Wiki moja kabla, baba mdogo alikuwa ameuza ndama wa babu bila kumuuliza. Babu alikuwa ameapa hataki kumwona. Baba mdogo akaja na jani moja la isale, na jioni ile ile wakanywa pombe ya mbege kwenye kata moja.

Nikapiga hesabu yangu ya kwanza siku hiyo. Kama jani moja limefuta ndama mzima, hesabu kumi za sehemu ni kitu gani? Na kama jani lina nguvu hivyo, je, mti mzima? Nikang'oa mmoja na mizizi yake.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Mtwara, hajamaliza hata muhula kwetu. Nilipomkabidhi kwa mikono miwili, udongo ukimwagikia viatu vyake, aliutazama sana.

"Nilikutuma daftari. Hili ua la nini?"

Jirani yangu wa dawati akanisaidia. "Mwalimu, hilo ni isale. Hapo umeisha. Lazima umsamehe."

"Na nisipotaka?"

"Unaweza kukataa," akasema, kwa huruma kabisa, "ila mambo yako hayataenda."

Darasa likacheka. Mwalimu naye tabasamu lilianza kumtoka, na mimi nikaiona Ijumaa inanijia. Ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa mama jirani yetu, yule wa kihamba cha pili, amejifunga kitenge kama mtu aliyetoka na hasira.

Tukasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mwalimu, samahani kwa kuingilia kipindi. Kuna mtoto amepita na mpaka wangu. Nimefuata udongo njiani, umenileta hapa."

Mwalimu akauinua ule mti taratibu. "Ndio huu?"

"Aisee," mama akasema, akinitazama. "Kumbe ni wewe. Unajua mimi na babu yako tulinuniana kwa ajili ya mpaka huo kabla hujazaliwa? Siku tuliyopanda hilo isale ndiyo siku tuliyoanza kusalimiana. Sasa nikamwambie nini?"

Babu angesikia, hata Ijumaa ya mwakani nisingecheza.

Mwalimu akauweka ule mti mezani. "Isale ni moja. Umenikosea mimi, umemkosea mama. Nani anapewa?"

"Tugawe, mwalimu. Nusu yako, nusu yake."

"Kumbe sehemu unazijua."

"Mpaka hauna nusu," mama akasema.

Nikautazama ule mti, nikamtazama mwalimu, nikaiaga Ijumaa yangu. Nikauchukua, nikapiga goti kidogo, nikampa mama.

Akaupokea. "Nimesamehe. Babu yako hatasikia kwangu. Ila utalipanda wewe mwenyewe, leo jioni, mimi nimesimama hapo."

Mama alipoondoka, mwalimu akasema, "Mimi sijapewa kitu."

"Kweli, mwalimu."

"Hesabu kumi kabla ya kwenda nyumbani. Na kwa kuwa nusu umeitaja mwenyewe, utacheza nusu. Kipindi cha pili."

Ijumaa kipindi cha kwanza nilikaa pembeni nikilinda ndoo ya maji ya kunywa, wenzangu wakifungwa mabao matano. Nilipoingia nikafunga manne. Fanya hesabu mwenyewe. Jioni wimbo ulipita tena mbele ya nyumba yetu, na ubeti mmoja ulikuwa unahusu ndoo.

Isale lilishika. Limekua, ila limeinama kidogo upande wetu, na mama jirani akinikuta hapo hunisimamisha tulitazame wote.

"Hili," huwa anasema, "lilipandwa na mtu mwenye haraka ya kuwahi mazoezi."