Samaki Kumi wa Juu

Shemeji yangu, mume wa dada, walimbandika jina la Sentimita, naye akalipenda. Kwa miaka kumi na tisa alipima samaki kwenye gati la meli za nyavu za kukokota. Kila kreti iliposhushwa alichukua samaki kumi wa juu, akawalaza kwenye ubao wenye rula, akaandika urefu. Mabaharia walijua utaratibu huo kuliko yeye: wakubwa waliwapanga juu kama nyanya za sokoni, wadogo wakawafukia chini. Sentimita alivaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka kola. Hakuwahi kuzamisha mkono ndani ya kreti, asije akalowa.

Dada alikuwa na kibanda cha kukaanga samaki nje ya geti la gati hilohilo. Zamani samaki mmoja alijaza kikaango; baadaye ikabidi apange saba. Meli zilizokuwa zikirudi jioni sasa zilikaa baharini siku nne.

Mwaka jana idara ya uvuvi ilifikiria kuwafungia wavuvi ghuba ya maji mafupi, wanakokulia samaki wadogo. Ilingoja vipimo vya Sentimita tu. Ghuba isipofungwa, biashara ya dada kwisha. Mimi ni mwalimu, si mvuvi, lakini nikaenda gatini.

"Shemeji, pindua kreti moja tu."

"Kanuni inasema wa juu, mwalimu."

"Na wa chini ni nini, mchanga?"

Wapakuzi wakaangua kicheko. "Mama, usimchafulie bwana koti!"

"Samaki hawajapungua," akaniambia polepole, kama anayemwelewesha mgonjwa. "Wamehama. Wamekwenda maji marefu."

"Wamefunga virago kwa hiari yao?"

Nikaipindua kreti mwenyewe. Vitoto vya samaki, urefu wa kidole, vikatawanyika sakafuni mpaka miguuni pake. Akainama. Mimi mjinga nikadhani anaokota apime. Kumbe anafuta viatu.

Vipimo vikaenda vilevile: samaki wa urefu uleule tangu siku alipoajiriwa. Ghuba ikabaki wazi. Miezi minane baadaye dada alikuwa anakaanga viazi.

Jana nilimkuta Sentimita kibandani kwa dada, koti limenyooka, anasubiri chakula cha mchana.

"Mama watoto, mbona siku hizi hukaangi samaki?"

Dada hakumtazama. Akamsogezea sinia la viazi.

"Chukua vya juu, baba watoto. Vya chini havikuhusu."

Akachukua. Akahesabu kumi.