Mpiga Ngoma wa Pamba Chafu

Wale vijana watatu mnaowaona kwenye mabango, wenye suruali zilizochanwa magotini kwa makusudi, walianzia chumbani mwangu. Mwimbaji wao anapenda kusema redioni kwamba bendi ilizaliwa "katika maumivu ya mtaa". Uongo. Ilizaliwa kwa fundi magodoro, siku ya Jumapili, baada ya chakula cha mchana, na fundi magodoro ni mimi.

Kazi yangu iko hivi. Unaniletea godoro la pamba lililobonyea mpaka ukilala mgongo unagusa mbao za kitanda. Nalifumua, natoa pamba, naichambua kwa vidole, halafu naipiga kwa fimbo mbili mpaka iumuke. Kisha nairudisha ndani, nashona, na kuvuta vifundo kwa sindano ndefu kama mkono wa mtoto. Nilifundishwa na mama nikiwa na miaka tisa. Mwaka huo huo mdogo wangu wa kiume alianza shule. Baba alisema nyumba haiwezi kusomesha wawili, na wa kiume ndiye atakayebeba jina. Basi yeye akabeba jina, mimi nikabeba fimbo. Alisoma kwa magodoro hayo hayo mpaka akapata kazi ya ofisini, ya meza na feni. Mimi niliolewa, nikaachwa, na hilo halina hadithi.

Nilipokuwa msichana nilianguka kutoka juu ya marobota ya pamba, nikavunjika mkono wa kushoto, ukaunga vibaya. Mkono huo hauwezi zaidi ya mapigo mawili kabla haujaanza kuuma. Kwa hiyo napiga hivi: matatu ya kulia, mawili ya kushoto, mawili ya kulia tena, halafu napaza sauti, "Pindua!" na kuigeuza pamba. Neno hilo ni la tangu enzi za mama, tulipokuwa tunageuza wawili, kila mtu upande wake. Mama alikufa, neno likabaki mdomoni.

Mtoto wa huyo mdogo wangu tunamwita Profesa, kwa sababu aliacha chuo mwaka wa pili. Jumapili hiyo alikuja na gitaa, seti ya ngoma kwenye mkokoteni, spika ya kubebwa na watu wawili, na rafiki yake wa gitaa la besi. Rafiki huyo ni mchomeleaji wa mageti, mtu wa maneno matatu kwa wiki, jina lake la mtaani Kimya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mmefukuzwa wapi tena?"

"Kwa seremala. Majirani wamesema tunawaua wagonjwa." Akazungusha macho chumbani. "Kwako magodoro yako kila ukuta. Kelele hazitatoka."

"Na mimi nitatokea wapi?"

"Shangazi, hii si kelele. Ni roki mbadala."

"Mbadala wa nini?"

"Wa roki."

"Na hiyo roki yenyewe hapa mjini nani anaipiga?"

Kimya alicheka. Ndiyo siku ya kwanza kuona meno yake.

Mpiga ngoma wao alikuwa amekimbilia bendi ya harusi, ambako angalau watu wanakula. Ngoma zake zilibaki zimesimama katikati ya chumba changu kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Nikawaacha wakiparuza nyaya zao, nikarudi kwenye pamba, maana nilikuwa na magodoro kumi na mawili ya bweni la wanafunzi. Matatu, mawili, mawili, pindua. Matatu, mawili, mawili, pindua. Baada ya muda nikasikia gitaa linanifuata. Nikasimama.

"Usiache, shangazi! Unahesabu ngapi hapo?"

"Sihesabu. Napiga pamba."

"Ni saba! Kimya, umesikia? Dunia nzima inapiga nne, huyu anapiga saba, na inachechemea!"

Wakaninyanyua, wakanikalisha nyuma ya zile ngoma na fimbo zangu mwenyewe mkononi. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu. Sikuwahi kukaa mahali popote ambapo watu walinisubiri mimi nianze.

Kila Jumapili ikawa hivyo. Nyimbo zao zote zilijipanga juu ya mapigo yangu. Hata jina la bendi lilitoka kwangu, siku nilipowafokea, "Ondoeni miguu kwenye pamba chafu!" Wakatazamana. Wakawa Pamba Chafu. Siku hizi Profesa anaeleza kwamba jina hilo linapinga ubatili wa mavazi. Lilikuwa rundo la pamba, na miguu yake ilikuwa juu yake.

Tulipiga mara ya kwanza mbele ya watu katika ukumbi wa chuo cha ufundi. Nilipanda jukwaani na gauni langu la kazi na kitambaa kichwani. Watazamaji wakaanza.

"Mama, umekuja kufagia?"

"Mwanao amesahau sweta nini?"

Nikawapa saba zangu. Wimbo wenyewe uliitwa "Pindua", na ilipofika pindua ya tatu ukumbi mzima ulikuwa unapaza sauti pamoja nami, yule wa sweta akiwa wa kwanza. Nilishuka. Profesa alinikumbatia mbele ya watu wote, akasema, "Bila wewe hakuna bendi." Alisema. Kimya ni shahidi.

Tukaenda studio siku mbili. Fundi mitambo akaniwekea kinasa sauti karibu na mdomo, kwa hiyo ule ukelele wangu wa pindua umo ndani ya wimbo. Redio zikaanza kuupiga. Hapo ndipo akaja meneja, mtu wa kuvaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Alinitazama nimekaa nyuma ya ngoma, fimbo mkononi, akamgeukia Profesa.

"Na mpiga ngoma anafika saa ngapi?"

Nilimngoja Profesa anijibie. Akasema, "Tutaongea."

Waliongea nje. Tangu siku hiyo mazoezi yakawa mara yamehamishwa, mara yameahirishwa, mara simu yake haipatikani. Lakini sidii ilipotoka aliniletea mwenyewe, imefungwa kwenye nailoni.

"Yako hii, shangazi. Jina lako limo humo."

Mimi sikujua kusoma, na yeye alijua hivyo kama anavyojua rangi ya mlango wangu. Nikaiweka juu ya meza ya kukatia kitambaa. Kila mteja aliyeingia nilimpa aione. "Angalia hapo, nimeandikwa." Mmoja aliisoma, akakunja midomo, akasema, "Hongera, mama," na kutoka haraka bila kuuliza godoro lake litakuwa tayari lini. Mwingine alianza kukohoa. Siku tatu nilifanya hivyo.

Siku ya nne akaja mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo kama mimi, kuchukua godoro la mama yake. Nikampa ile karatasi ya ndani.

"Nisomee kwa sauti, mwalimu. Nataka masikio yangu yasikie."

Akasoma kimya kwanza. "Nisome yote, mama?"

"Yote."

Gitaa na sauti, Profesa. Besi, Kimya. Ngoma, mtu ambaye sijawahi kumwona. Mtunzi wa mapigo, Profesa. Akaendelea kushuka, majina ya studio, ya mpiga picha, mpaka chini kabisa, na hapo sauti yake ikapungua. "Shukrani kwa Mama Magodoro, kwa chumba na chai."

"Rudia."

"Mama, ya nini sasa..."

"Rudia hapo pa chai."

Akarudia. Hamjui hasira hiyo. Kunyimwa nilishazoea tangu miaka tisa. Kilichonichoma ni zile siku tatu, kwamba nilichukua tusi langu kwa mkono wangu, nikalipitisha kwa watu, nikaomba pongezi.

Nilimpigia Profesa kwa simu ya mwalimu.

"Ni mambo ya soko, shangazi. Huwezi kuelewa."

"Nieleweshe."

"Watu siku hizi wananunua sura."

"Na ile sauti inayosema pindua ina sura gani?"

Akasema atanipigia. Hakupiga. Wiki iliyofuata mtangazaji alimuuliza redioni yule mwanamke kwenye wimbo ni nani. Profesa akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mwenye siri nzuri. "Ni sauti tuliyoiokota mtaani." Nilikuwa navuta kifundo. Sindano ilikatika mkononi.

Jioni hiyo nilimwendea mwalimu, nikamwambia anifundishe herufi. Watu husifia elimu ya watu wazima kana kwamba sote tunaifuata kwa hamu. Mimi niliifuata kwa ghadhabu. Kila siku saa kumi, akitoka shuleni, tulikaa juu ya godoro la mteja na daftari la watoto. Neno la kwanza nililotaka lilikuwa "ngoma". Nilisoma kwa kidole, polepole, natokwa jasho kuliko kwenye pamba. Sikumwambia mtu, na mwalimu nilimwomba asiseme.

Ikapita miezi mitano. Huyo mpiga ngoma mpya alikuwa amesomea, ana cheti. Saba aliweza kuzihesabu, lakini alizipiga sawa sawa zote kwa mikono miwili mizima, na wimbo ukatoka kama askari wa gwaride. Wakauacha. Watu ukumbini wakawa wanaudai, wakipiga miluzi, wengine wakitoka nje. Na mbele yao kulikuwa na tamasha kubwa, Jumamosi.

Alhamisi mchana gari likasimama mlangoni. Meneja alibaki ndani yake, injini inanguruma. Wakaingia Profesa na baba yake, mdogo wangu, amevaa shati la ofisini na miwani. Alikuwa hajanitembelea tangu mazishi ya mama.

"Dada, mtoto ana shida."

"Mtoto ana ndevu. Aseme mwenyewe."

Profesa akakaa ukingoni mwa robota. "Shangazi, tunakuomba Jumamosi upige 'Pindua'. Wimbo mmoja tu. Yule mpiga ngoma wetu atakaa mbele kama kawaida, wewe utakuwa nyuma ya pazia. Hakuna atakayejua."

"Hakuna atakayejua. Hiyo ndiyo habari njema uliyoniletea?"

"Usimwaibishe, Dada," mdogo wangu akasema. "Ni mtoto wako pia."

"Wangu siku za shida. Siku za picha ni wa nani?" Nikamgeukia Profesa. "Jina langu kwanza. Liandikwe kwamba ngoma za wimbo ule nilipiga mimi. Baada ya hapo hata mkiniweka chini ya jukwaa nitapiga."

Nilisema kweli. Ningepiga nyuma ya mapazia kumi. Sikutaka sura yangu kwenye bango, nilitaka neno langu kwenye karatasi.

Profesa akatabasamu, akatoa karatasi mfukoni. "Tulishalifikiria hilo. Hili ni toleo la pili, linachapwa wiki ijayo. Sikiliza." Akasoma, "Ngoma," kisha jina langu kamili, yote matatu, kama lilivyo kwenye kadi yangu ya hospitali.

"Umeona, Dada?" mdogo wangu akasema. Alikuwa amekaa bega kwa bega na mwanawe, karatasi iko mbele ya macho yake.

Nakiri moyo ulilegea. Nikaomba niishike, nilione tu hilo jina, maana nilikuwa nimeshajua kuliandika. Nikaweka kidole mwanzo wa mstari.

"Ngo-ma," nikasoma. "Za. Zi-a-da."

Nikarudisha kidole mwanzo wa mstari. Hata gari nje nililisahau.

"Ngoma za ziada. Ziada ni nini, Profesa? Maana ulipoisoma wewe haikuwemo."

Mdogo wangu ndiye aliyefungua mdomo. "Dada, umejua kusoma lini?"

"Hilo ndilo ulilosikia?"

"Ni neno moja tu, shangazi," Profesa akasema.

"Basi likate. Kalamu hiyo hapo kifuani mwako."

Mkono wake ulikwenda kwenye kalamu, ukaigusa, ukabaki pale. "Meneja hatakubali."

"Sikumuuliza meneja. Wewe unajua nani alipiga."

Hakuitoa. Meneja akapiga honi. Nikamgeukia mdogo wangu, huyu niliyemsomesha. "Wewe unajua kusoma zaidi ya miaka thelathini. Neno ulikuwa unaliona, na ukaniambia umeona, Dada." Akaanza kufuta vioo vya miwani yake. Profesa namjua, ni tamaa ya ujana na ujinga wa umaarufu. Lakini huyu, kila herufi aliyotumia kunidanganya niliipigia pamba mimi.

"Tokeni," nikasema. "Na robota hilo msilikanyage."

Jumamosi walijaribu kuupiga wimbo ule bila mimi. Sikwenda. Nilisikia habari yake Jumatatu, Kimya aliposimama mlangoni, gitaa lake la besi begani na kispika kidogo mkononi. Alisema walifika katikati, wimbo ukawavunjikia mikononi, watu wakazomea, na yeye akashuka jukwaani na hajarudi kwao. Kisha akaongeza:

"Ile karatasi ya kwanza niliisoma kabla haijachapwa, mama. Nilijua."

"Najua ulijua. Una macho."

"Nisamehe."

"Sijui bado."

Sikumwambia apite, sikumwambia aondoke. Nilikuwa na godoro la watu la kumaliza. Nikashika fimbo, nikaanza, na nilipiga kwa nguvu mpaka vumbi la pamba likajaa mlangoni na yeye akawa anapiga chafya. Alisimama palepale muda mrefu. Mwishowe akachomeka kispika chake ukutani, akaanza kupiga chini ya mapigo yangu, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Sikumzuia. Kumtazama pia sikumtazama.