Maana Sitini na Nne Katika Mikate ya Mama

Nyumbani kwetu daftari likijaa ni la Mama. Sheria hiyo niliikuta. Mama hukaanga mikate, yale maandazi madogo ya mviringo, kando ya njia inayoshuka kwenye maporomoko, na kila mteja hufungiwa ya kwake katika karatasi. Karatasi zinatoka kwetu. Hesabu za shule za kaka zangu zilikwenda hivyo, na rasimu ya tasnifu yangu ya chuo kikuu ilifunga mikate ya wiki mbili. Mpaka leo yuko kijana mmoja wa toleka, wale wanaobeba watu kwa baiskeli, ambaye akiniona hupiga kengele na kupaza sauti: "Mwalimu! Conclusion yako nilisoma. Introduction njo nilikosa!"

Wakati huo sikuwa mwalimu wa mtu yeyote. Nilikuwa na shahada ya Kiingereza, na mwaka mzima wa kukaa nyumbani nikihesabu bati za dari. Ndipo kituo kidogo cha lugha mjini kikatafuta mtu wa kufundisha wafanyabiashara. Nafasi ilikuwa moja. Mkurugenzi, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniambia nije Jumamosi saa nne asubuhi nifundishe darasa lenyewe kwa nusu saa, yeye akiwa amekaa nyuma. Somo lilikuwa neno moja tu: get.

"Ni neno jepesi," alisema.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilirudi nyumbani nikijiuliza kwa nini ametaja wepesi. Mtego? Huruma? Nikanunua daftari jipya la bluu, nikaanza. Get ni kupata. Vema. Lakini pia ni kupokea, maana barua huitafuti, inakujia. Ni kuleta, ukimtuma mtu. Ni kushikwa na malaria, ni kuzeeka, ni kuelewa mzaha baada ya wenzako kumaliza kucheka. Kisha nikaingia kwenye maneno ndugu zake. Obtain nilimwona kama bwana aliyevaa tai, hawezi kuingia sokoni bila kuchafuka. Fetch nilimwona kama yule ambaye kila siku anatumwa maji. Receive anakaa tu, anangoja kuletewa. Kila mmoja nilimpa mifano mitatu, nikahofia kwamba mitatu ni michache, nikaongeza.

Siku ya nne, Ijumaa alasiri, nilifika maana ya sitini na nne. Nafasi ilikuwa imekwisha, pambizoni pia, kwa hiyo niliiandika ndani ya jalada. Nikaliacha daftari kwenye meza ya barazani ili alfajiri nilinakili upya kwa mwandiko safi. Nilikuwa nimehofia mvua, viatu, sauti kukauka, chafya katikati ya sentensi. Ile meza sikuihofia.

Nilipoamka, meza ilikuwa tupu. Nilikimbia na kandambili mpaka kwa Mama.

"Mama, cahier yangu ya bleu iko wapi?"

"Ile ya kuyala?" Kuyala kwake ni kujaa. Alikuwa anageuza mikate kwenye mafuta, hata hakuinua macho. "Ilisha kwenda, mutoto yangu. Karatasi muzuri sana. Haipitishe mafuta."

"Mama! Ile ilikuwa somo yangu ya leo!"

Sasa aliinua macho. "Lakini ilikuwa imeyala! Mbele, nyuma, ndani ya jalada. Hata fasi ya kuandika bonjour haikubakia. Nani anaacha cahier ya kuyala kwenye meza yangu?"

Swali lilikuwa la haki. Nilikaa kwenye kibao chake nikataka kulia, naye akanishika bega kwa mkono wenye unga. "Kichwa yako haiko na mikate ndani," alisema. "Ulisha andika siku ine. Kwenda tu."

Nilipata karatasi tatu. Moja ilikuwa bado chini ya sufuria. Ya pili nilimnyang'anya yule kijana wa toleka, ambaye alilalamika kwamba alikuwa hajamaliza kusoma. Ya tatu niliiokota njiani, na kuku alikuwa amenitangulia. Kijana alinionea huruma, akanipakia kwenye baiskeli yake mpaka kituoni, na njia nzima nilijaribu kukumbuka maana zilizobaki. Nilikumbuka namba zake tu.

Darasani walikuwa watu tisa. Nilisema good morning, nikafungua karatasi zangu zinazong'aa mafuta. Mstari wa mbele alikaa mama mmoja muuza vitambaa, mnene, mwenye kilemba cha njano. Alikuwa anafungua kifungua kinywa chake chini ya dawati.

"Mademoiselle," aliita, akilinganisha karatasi ya mikate yake na zangu, "hii haiko mwandiko yako?"

Ilikuwa ukurasa wangu wa mwisho kabisa. Maana ya hamsini na tano hadi sitini na tatu, zile nilizoziona duni: kufika mahali, kupanda gari, kushuka, kupotea.

"Njo hii ninatafuta!" alisema, akiugonga ukurasa kwa kidole. "Mwaka jana Kampala nilipotea tangu asubuhi. Kila mutu ninauliza, anacheka. Sasa sema, ile hoteli ninaifikia namna gani?"

Niliacha karatasi zangu. Sijui ni ujasiri au ni kwamba sikuwa na kitu kingine. Niliandika ubaoni: How do I get to the hotel? Tukasogeza mabenchi yakawa basi. Muuza vitambaa alipanda, akashuka, akapotea makusudi karibu na dirisha, na watu wanane wakamwelekeza kwa kelele, kila mmoja njia yake. Jamaa mmoja anayefanya biashara ya njia ya Banalia alijitangaza dereva na akakataa kusimamisha gari mpaka aombwe kwa Kiingereza. Nilipotazama saa, tulikuwa tumepitisha nusu saa kwa dakika kumi na tano.

Mkurugenzi alikuja mbele polepole. "Neno hili lina maana nyingine nyingi," alisema. "Umezifahamu?"

"Ndiyo, Papa," nilisema, kama tunavyowaita wazee kwetu. "Sitini na nne."

"Ziko wapi?"

"Ziko mjini, Papa. Zimefunga mikate."

Muuza vitambaa alicheka mpaka kilemba kikalegea, akamweleza mkurugenzi habari za ukurasa wake, kisha akamkaribisha mkate mmoja. Mkurugenzi alitafuna bila haraka. Nilihesabu: alitafuna mara kumi na nane, na kila mara nilipata jibu tofauti usoni mwake.

"Jumatatu saa mbili," alisema mwishowe. "Usichelewe."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama. Mikate ilikuwa imekwisha, naye alikuwa anafuta mafuta mikononi. Nilipomwambia, alipiga kigelegele, kisha akanitazama kwa jicho la biashara. "Basi utakuwa unamaliza cahier mingi," alisema.

Ninamaliza kweli. Lakini kila daftari langu sasa lina ukurasa wa mwisho mweupe, na Mama kabla ya kuchukua lolote hulifungua nyuma kwanza. Akikuta weupe huo, analirudisha mezani na kulalamika kwamba shule imenifundisha uchoyo.